Mteremko uliosimama miaka yote, leo una nini?

Watu wakinipigia simu kuhusu mteremko, wengi huanza na swali ambalo halijibiki kwa simu: "Utaanguka?" Mimi huwarudishia langu: umesimama tangu lini, na mwaka huu kuna nini kipya?

Tuta la barabara lina michoro, lina aliyelisanifu, lina ripoti ya maabara. Mteremko wa asili hauna hata kimoja kati ya hivyo, lakini una ushahidi mmoja mkubwa: upo. Umepita masika nyingi kuliko umri wa yeyote kati yetu. Maana yake nguvu zinazoushikilia, ukizigawanya kwa nguvu zinazousukuma chini, zinatoa jibu la 1 au zaidi. Hilo jibu ndilo uwiano wa usalama. Kwa hiyo mteremko wa namna hiyo ukianza kusogea, kitu kimebadilika: ama maji yameongezeka ndani yake, ama mguu wake umekatwa, ama kichwani umebebeshwa mzigo, ama mizizi imekufa, ama udongo wenyewe umechakaa polepole. Tetemeko nalo limo, lakini hilo hujitangaza lenyewe. Nimeyapanga hivyo makusudi, kwa sababu ndivyo ninavyoyatafuta nikifika, maji kwanza.

Ninachozungumzia hapa ni udongo, hasa ule mwekundu mnene uliotokana na mwamba kuoza palepale ulipo, kama wa Usambara, Upare, Uluguru na Rungwe. Miamba mitupu ina mambo yake.

"Kuna ufa juu ya mlima"

Ufa peke yake si habari. Uliza kwanza ni mwezi gani na ni udongo gani. Mwezi wa Septemba kwenye udongo mweusi wa mbuga, nyufa ni jambo la kila mwaka. Udongo umekauka ukasinyaa, nyufa zinakwenda kila upande kama chungu kilichopasuka, na mvua ikija zinajifunga. Hizo ziache.

Ufa wa mtelezo una sura yake. Ni mrefu, umepinda kama mwezi mwandamo, na ncha zake mbili zinaelekea upande wa bondeni. La muhimu zaidi, upande wa chini umeshuka. Pitisha mguu juu yake taratibu. Ukihisi ngazi, hata ya sentimita 2, basi huo si ufa wa kiangazi.

Upo wa tatu ambao unawachanganya hata mafundi wazoefu. Mtu amechimba kiwanja mlimani, udongo aliouchimba upande wa juu akausukuma upande wa chini ili apate eneo la tambarare, akajenga. Mwaka wa pili ufa unapita katikati ya sebule, umenyooka, sambamba na ukingo wa kiwanja. Hapo mara nyingi ni kifusi tu kinachojishindilia chenyewe, na mlima wote haujaanza safari. Chimba shimo dogo kando ya ufa: upande mmoja utaona udongo wa asili na mishipa yake, upande wa pili mchanganyiko wenye vipande vya matofali na mifuko ya plastiki. Hata hivyo usimwambie mwenye nyumba alale salama mpaka umekagua chini ya kile kifusi. Kikimwagwa juu ya majani bila kuondoa tabaka la juu, yale majani yanaoza na kuwa utelezi.

Ukiridhika kwamba ni ufa wa mtelezo, kazi inayofuata haihitaji mtambo. Piga vigingi kwa jozi, kimoja juu ya ufa na kimoja chini yake, angalau jozi 3: katikati na karibu na ncha zote mbili. Kila kigingi kiwe na msumari kichwani. Pima msumari kwa msumari kila siku saa ile ile, mtu yule yule, tepi ile ile, uandike na kama mvua ilinyesha. Mpe kazi hiyo mtu anayeishi hapo. Mwanafunzi wa darasa la saba mwenye daftari anafanya vizuri kuliko mhandisi anayekuja mara moja kwa mwezi.

Sasa namna ya kusoma namba zenyewe. Tuseme siku ya Jumatatu peke yake ufa umefunguka milimita 2, siku ya Jumanne 2.5 nyingine, Jumatano 3.3, Alhamisi 5. Anayetazama tu atasema ni milimita chache. Wewe chukua 1 uigawe kwa kila kasi: unapata 0.5, 0.4, 0.3, 0.2. Zichore kwenye karatasi ya mraba. Ni mstari ulionyooka unaoshuka, na ukiurefusha unagonga sifuri Jumamosi. Kasi isiyo na mwisho ni jina jingine la kuporomoka. Mtafiti wa Kijapani, Fukuzono, alionyesha njia hii mwaka 1985, na uzuri wake unafanyika kwa kalamu. Usiitumie kutafuta saa ya mlima kuanguka. Itumie kuamua kuhamisha watu, na kwa mfano huu uamuzi ulitakiwa Jumatano. Mstari ukilala au ukapanda, mteremko unapunguza mwendo, lakini endelea kupima.

Ufa wenyewe uzibe kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, ufunike na turubai, ukiacha vigingi vyako wazi. Sababu ni hii: ufa wa kina cha mita 2 uliojaa maji unasukuma kama jeki, kwa nguvu ya karibu tani 2 kwa kila mita ya urefu wake. Saruji usitie. Inakauka, ardhi ikisogea kidogo inaachana na kuta za ufa, maji yanapita pembeni, na wewe umepoteza mahali pa kupimia.

"Chemchemi imehama"

Dalili hii ndiyo ninayoiogopa, na ndiyo inayopuuzwa kuliko zote kwa sababu maji ni neema. Hakuna anayekwenda ofisi ya kijiji kulalamika kwamba amepata maji karibu na nyumba.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa Usambara tukikagua mteremko uliokuwa umefungua ufa juu ya mashamba ya viazi. Chini kulikuwa na chemchemi nzuri, na ripoti tuliyopewa iliiandika "chemchemi ya asili". Pembeni kulikuwa na bibi anaosha sufuria. Tukamwamkia, akaitika, kisha akatuuliza tunaandika nini. Nikamwambia tunaandika hii chemchemi ya zamani.

"Ya zamani ipi, baba? Hii imezaliwa baada ya Pasaka. Ya zamani ilikuwa kule kwenye mgomba, imekauka."

Sentensi mbili tu, na ripoti yote ikabidi ianze upya. Chemchemi moja kufa na nyingine kuzaliwa mita 40 pembeni ni kusema kwamba njia ya maji ndani ya mlima imekatwa. Tukapanda juu. Kulikuwa na mfereji wa kukinga maji, umechimbwa na mradi mmoja kwa nia njema kabisa ili maji ya mvua yasiteremke shambani. Kwa macho ulionekana sawa. Tulipoupima kwa mpira wa maji, ule wa mafundi ujenzi, tukakuta katikati umebonyea: maji yanaingia kutoka pande zote mbili, yanatuama hapo, yanazama. Mfereji uliochimbwa kuondoa maji ulikuwa unayamwaga ndani ya mlima kama faneli, juu kidogo tu ya ule ufa. Kuusawazisha ili utiririke hadi kwenye korongo lenye mwamba ilikuwa kazi ya siku nne na majembe.

Kwa hiyo ukisikia chemchemi mpya, uliza inafuataje mvua. Ikiongezeka siku ile ile au kesho yake, maji yanaingia kwa nyufa na yana njia fupi. Ikichelewa wiki kadhaa, usawa wa maji ya chini ya ardhi wenyewe umepanda. Isipojali mvua, ikatiririka kiangazi na masika vilevile, tafuta mtu: bomba linalovuja, shimo la maji taka, tangi, mfereji wa kumwagilia. Ombeni bomba la juu lifungwe usiku mmoja, mpime kwa ndoo na saa asubuhi. Kama ndoo iliyojaa kwa dakika 1 sasa inachukua dakika 3, mmeshampata. Maji yenye povu au harufu ya sabuni hayahitaji hata ndoo.

Chemchemi iliyokauka ghafla wakati wa mvua ni mbaya kuliko iliyozaliwa. Maji hayajaisha, yamefungiwa, na shinikizo linapanda pasipo mtu kuliona. Na chemchemi safi ikianza kutoa tope, kuna udongo unaobebwa kutoka ndani. Hapo acha kupima, ondoa watu walio chini.

"Barabara imevimba" au "ukuta umeegemea"

Mguu wa mteremko ni ile sehemu ya chini kabisa, na kazi yake ni kukalia kile kinachotaka kutoka. Ukiona barabara ya chini imenyanyuka, mtaro wa pembeni umebanwa na kingo zake zimekaribiana, uzio umejipinda, milango ya nyumba za chini haifungi, basi ardhi iliyoshuka kule juu imejitokeza huku. Oanisha: kuna ufa juu? Kuna uvimbe chini? Vikiwepo vyote viwili, umeshaupata mtelezo mzima, kichwa na mguu, na unaweza kukisia kina chake kwa kuchora tao kati ya sehemu hizo mbili.

Sasa kosa linalofanywa hapa. Uvimbe uko barabarani, magari hayapiti, katapila linaitwa kusafisha. Nimeliona mara tatu na mara moja nilikuwepo nikipiga kelele. Dereva alikuwa na amri ya kufungua njia kabla ya jioni. Akachota lori sita za udongo, njia ikafunguka. Usiku ule mvua haikunyesha kabisa, lakini asubuhi barabara ilikuwa imejaa tena na ufa wa juu umeshuka kama goti la mtu. Akachota tena. Kila lori ulilotoa mguuni ni kizuizi ulichokiondoa, na mlima unaleta kingine kutoka juu, na safari hii unaongeza eneo kwa nyuma. Kama lazima njia ifunguke, punguza mzigo kichwani kwanza, au hamisha barabara kwa muda, au rudisha mguuni mawe mazito yanayopitisha maji.

Mzigo wa kichwani nao usidharauliwe kwa sababu ni mdogo. Huko Rissa, Norwe, tarehe 29 Aprili 1978, udongo uliochimbwa kwa ajili ya jengo la mifugo uliwekwa ukingoni mwa ziwa, mita za ujazo mia kadhaa tu. Ukaanzisha mporomoko wa mita za ujazo kati ya milioni 5 na 6. Ule ni mfinyanzi wa pekee uliowekwa na bahari ya zamani, ukivurugwa unageuka uji, na sisi hatuna wa namna hiyo milimani. Nautaja ili anayemwaga kifusi cha msingi wake ukingoni mwa korongo ajue kwamba ukubwa wa kichokozi hauna uhusiano na ukubwa wa kinachofuata.

Kuhusu kuta, tazama ukuta umeegemea wapi. Ukiwa umeinamia nje, kuelekea barabarani, anayeusukuma yuko nyuma yake, na mara nyingi ni maji: vitobo vya kutolea maji vimeziba. Vitobo vikavu katikati ya masika ni dalili ya ugonjwa. Ukuta uliohama mzima-mzima ukiwa wima, au ulioegemea nyuma kana kwamba miguu yake imevutwa mbele, una shida nyingine kabisa. Uso wa mtelezo unapita chini ya msingi wake. Huo ukuta ni abiria. Unaweza kuuongeza urefu na unene, unaweza kupanga gabioni (vile vizimba vya waya vilivyojazwa mawe) juu ya gabioni, vyote vitasafiri pamoja. Msingi lazima uvuke uso wa mtelezo uingie kwenye kitu kigumu, au uachane na ukuta ushughulikie maji.

Miti iliyoinama

Kwa ufupi, maana hapa watu hutia chumvi. Shina lililopinda chini kisha likanyooka juu linasema ardhi ya juu inatambaa taratibu, miaka na miaka. Ni taarifa, si dharura. Miti mingi iliyonyooka lakini imeinama kwa pamoja, au kila mmoja upande wake kama walevi wanaotoka kilabuni, imeinama juzi. Ikiinamia upande wa mlimani, kipande kile kimezunguka kikishuka. Mgomba usiuhesabu. Mgomba huinama kwa mkungu wake.

Nguzo za umeme ni shahidi bora kuliko miti, kwani zilisimikwa wima na nyaya zinaonyesha: upande mmoja zimekaza kama kamba ya gitaa, upande wa pili zimelegea.

"Kompyuta imesema 1.5, lakini unasogea"

Hii huletwa na wahandisi vijana waliokokotoa uwiano wa usalama, nami nilikuwa mmoja wao. Mteremko ndio wenye haki. Tafuta kosa upande wako.

Anza na maji uliyoyaweka kwenye hesabu. Chukua mfano unaofanyika kwa kikokotoo cha simu: mteremko wa nyuzi 30, udongo wa unene wa mita 2.5 uliokaa juu ya mwamba. Uzito wake kilonewton 18 kwa mita ya ujazo, mshikamano, yaani jinsi chembe zinavyogandana zenyewe, kilopaskali 5 (kilopaskali ni kipimo cha nguvu kwa eneo), na pembe ya msuguano, yaani kipimo cha jinsi chembe zinavyokwaruzana zikigandamizwa, nyuzi 30. Pale udongo unapokutana na mwamba, uzito unasukuma kuelekea chini kwa kilopaskali 19.5 na kugandamiza kwa 33.8. Ukiwa mkavu, msuguano unashikilia 19.5, mshikamano unaongeza 5, jumla 24.5. Uwiano ni 1.26. Sasa masika yameingia na maji yamepanda nusu ya unene, mita 1.25 juu ya mwamba. Shinikizo lake, kilopaskali 9.2, linatolewa kwenye ule mgandamizo wa 33.8, kwa sababu maji yanaunyanyua udongo na maji hayana msuguano. Msuguano unabaki 14.2, ukijumlisha mshikamano ni 19.2. Gawa kwa 19.5: ni 0.98. Umeanguka. Maji yakifika usawa wa majani, ni 0.71.

Hakuna kilichobadilika isipokuwa maji. Aliyepima kina cha maji mwezi wa Agosti akaandika "hayakuonekana" hakudanganya, ila alipima mteremko mwingine. Weka bomba la kupimia kwenye shimo la oga (ile keekee ndefu ya kutoboa ardhi), lenye matundu chini na kifuniko juu, ulisome masika moja kamili. Kama muda huo huna, hesabu kwa maji ya juu kabisa, kisha mtu akuonyeshe ushahidi wa kuyashusha.

Kosa la pili ni sampuli. Fundi anachimba kiangazi, anachukua bonge gumu lisilovunjika, linafika maabara likiwa zima, linapimwa likiwa na ukavu wake. Linatoa mshikamano wa kilopaskali 25 au 30. Huo ni mnyonyo wa unyevu mdogo kati ya chembe, kama mchanga wa ufukweni unaoshikana mtoto akijenga nyumba: wimbi likifika, nyumba hakuna. Sampuli ijazwe maji kabla ya kupimwa nguvu. Na yale mabonge yaliyovunjika njiani, yaliyotupwa, huenda ndiyo yalikuwa na tabaka lenyewe. Utepe wa mfinyanzi wa unene wa kidole unatosha kubeba mlima, na oga inaupita bila kuutambua. Ndiyo maana napenda shimo la majaribio ambalo mtu anaingia, likiwa limeegemezwa mbao, anakwangua ukuta kwa kisu.

Humo shimoni ukikuta uso unaong'aa, laini kama umepakwa mafuta, wenye mikwaruzo inayoelekea bondeni, simama. Mteremko huu ulishateleza zamani. Mtaalamu wa udongo, Skempton, alieleza jambo hili mwaka 1964: mfinyanzi uliokwisha kuteleza haurudii nguvu yake ya kwanza, chembe zake bapa zimelala upande mmoja kama karata. Mfinyanzi ulioanza na pembe ya msuguano ya nyuzi 20 unaweza kubakiwa na 10 au 12, na mshikamano ukaisha kabisa. Ukihesabu kwa nguvu ya kilele, ile ya kwanza kabla ya kuteleza, utapata 1.5 nzuri ya kupeleka ofisini. Tumia nguvu iliyobaki.

Kosa la mwisho ni umbo. Programu nyingi hutafuta duara, na ukiiachia itakuletea duara zuri linalokata mwamba. Kwenye udongo mwembamba juu ya mwamba, mtelezo ni bapa, sambamba na mteremko. Ile hesabu ya mistari mitano hapo juu inafaa kuliko vipande 50 vya Bishop, ile njia ya kukata duara la mtelezo vipande vipande na kuvihesabu.

Na kinyume chake je, kompyuta imesema 0.8 na mteremko umesimama kama kawaida? Hiyo ni zawadi. Kuna kitu kinaushikilia ambacho hukukihesabu: mnyonyo, mizizi, au maji yako chini kuliko ulivyoogopa. Tumia pembe ya msuguano ya maabara, kisha tafuta mshikamano unaofanya jibu liwe 1 kwa maji ya mwaka mbaya kuliko yote wanaoukumbuka wazee. Huo ndio mshikamano wa chini kabisa ambao mlima wenyewe umekuthibitishia. Usiongeze juu yake hata kidogo ili upate namba ya kufurahisha.

Mizizi inastahili mstari wake. Kwenye mfano wetu, ongeza kilopaskali 3 tu za mizizi: nusu ya maji sasa inatoa 1.14 badala ya 0.98. Miti ikikatwa, mizizi haifi siku hiyo. Inaoza kwa miaka, kwa hiyo mteremko unaanguka masika ya tatu au ya tano, wakati kila mtu amesahau shoka. Uliza miti ilikatwa mwaka gani, si kama ipo.

"Hatujaona dalili yoyote"

Hapa mwongozo wote wa juu unaishiwa nguvu. Maporomoko membamba ya mvua kali hayatoi ufa wala hayangoji vigingi. Mgeta, Uluguru, Februari 1970, zilinyesha takriban milimita 100 kwa muda usiofika saa 3, na miteremko ikachanika mamia ya mahali. Waliopima baadaye walikuta karibu yote yalianzia mashambani na kwenye majani. Msituni yalikuwa machache mno. Hanang, tarehe 3 Desemba 2023, ardhi iliyolowa ilikatika juu ya mlima, ikashuka na maji na mawe na magogo, ikaingia Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Wengi wao hawakuwa wakiishi kwenye mteremko. Waliishi chini, tambarare.

Kwa hiyo pasipo na dalili mlimani, soma ardhi ya chini. Mahali korongo linapotokea kwenye tambarare, kuna kilima kipana chenye umbo la ungo uliolazwa? Kuna mawe makubwa yaliyokaa juu ya udongo laini ambao haukuyazaa? Chimba kisima uone: tabaka la mawe na tope, tabaka la udongo mweusi wa zamani, tena mawe na tope. Hayo ni matukio yaliyopita, yamejiandika. Kule juu, tafuta mabonde madogo yenye umbo la kijiko, ya nyuzi 25 hadi 40, ambako maji ya mteremko mzima hukusanyika na udongo ni mnene. Makovu ya zamani utayajua kwa majani ya kijani kibichi kuliko majirani zake.

Mlindwe na kipimo cha mvua, hata kopo lililonyooka lenye rula ndani, kwa sababu hapa vigingi havisaidii. Siku ya mvua kubwa inayokuja baada ya wiki ya mvua za mfululizo ndiyo ya kulala kwingine. Na kuna alama moja ambayo kila mtoto anayeishi kando ya mto wa mlimani aijue: mvua inanyesha, mto unanguruma, kisha ghafla unapungua. Kuna bwawa la udongo na magogo limejifunga juu, na halitadumu. Usiende kutazama kwa nini umekauka, usirudi kuchukua ng'ombe, wala usikimbie kuufuata mto bondeni. Panda pembeni, upande wowote ulio karibu, mpaka uone paa la nyumba yako liko chini yako.